UZI: Timu za NFL zinachemkia wapi kwenye kuchagua kocha wa kumlea kwotabeki kinda?

Yadi Kumi:

Wakuu habari za saa hizi. Najua humu ndani wengi ni Simba na Yanga ila tupo wachache tunaokesha na NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, Jumapili gemu za kwanza zinaanza saa mbili au saa tatu usiku, ya mwisho inaisha watu washapanda daladala. Huu uzi ni wetu. Watu wa soka karibuni, kaeni, ila tusianze yale ya mbona wanashika mpira kwa mikono.

Twende kwenye mada. Kila Januari msimu wa kawaida ukiisha makocha wanatumbuliwa mfululizo, halafu timu yenye kwotabeki mdogo (yule anayerusha mpira na kuongoza mashambulizi) inatangaza inatafuta mwalimu wa kumkuza dogo. Wanachofanya wote ni kilekile, wanaangalia ofensi (kikosi cha kushambulia) gani ilifunga pointi nyingi mwaka ule, wanamchukua kodineta wake, yule kocha msaidizi anayeisimamia, picha na jezi, mkutano na waandishi, baada ya miaka miwili wanamtupia virago na dogo keshaharibika.

Mi nasema maswali ya maana ni mawili tu. Huyu kocha atakuwepo dogo akifika msimu wa tatu? Na ameshawahi kuvunja mfumo wake mwenyewe ili mchezaji aliyenaye aweze kucheza? Mambo ya kuchora plei kali, yaani mipango ya kila shambulizi, kwenye ubao hayo mtu yeyote wa ligi ile anaweza.

Chukua Chicago Bears, maana hawa ndo darasa lenyewe. 2017 wanapanda mpaka nafasi ya pili ya drafti, ule mgao wa wachezaji wanaotoka chuo, wanamchukua Mitchell Trubisky, wanaacha Patrick Mahomes anaenda nafasi ya 10, lakini hilo la Mahomes tuliweke pembeni maana linaumiza. Trubisky wakampa John Fox, mzee wa difensi, yaani ulinzi, misimu yake miwili ya nyuma alishinda mechi 9 jumla. Msimu ukaisha Fox akaondoka. Akaletwa Matt Nagy kutoka kwa Andy Reid kule Kansas City, mtaalamu wa ofensi, haya. 2021 wakamchukua Justin Fields, nafasi ya 11, Nagy naye kashakalia kuti kavu. Msimu ukaisha Nagy chini. 2024 wakapata nafasi ya kwanza kabisa, Caleb Williams, kipaji watu walikuwa wanakisubiri tangu yupo chuo, wakamwacha chini ya Matt Eberflus, mtu wa difensi, rekodi yake ya miaka miwili mechi 10 kashinda 24 kafungwa. Kodineta wa ofensi Shane Waldron akatumbuliwa baada ya mechi 9. Eberflus mwenyewe akafuata baada ya 12.

Madogo watatu, na kila mmoja alikabidhiwa kwa mtu ambaye msimu unaisha hayupo! Sasa kocha aliyekalia kuti kavu hafundishi bana. Anatafuta kushinda Jumapili hii ili Jumatatu awe na kazi. Dogo akikosea mguu, hana muda wa kumrudisha nyuma wiki tatu amnyooshe, atambadilishia plei tu iwe fupi maisha yaende.

Kama mliangalia ile ya Thanksgiving 2024 na Detroit mtanielewa. Bears wako nyuma 23-20, wapo kwenye eneo la kupiga kiki ya kusawazisha, Caleb anaangushwa chini zimebaki sekunde 30 na kitu, na timu ina taimu auti moja mkononi. Moja. Saa inatembea. Dogo anawapanga wenzake, anaangalia huku, anaangalia kule, kocha kasimama pembeni na karatasi yake, sekunde zinateketea mpaka mpira unakuja kuchezwa zimebaki 6, anatupa mbali, unadondoka, gemu imeisha, taimu auti imebaki mfukoni. Kesho yake Eberflus akatumbuliwa, na Bears katika historia yao yote hawajawahi kumfukuza kocha mkuu katikati ya msimu, yeye ndo wa kwanza. Yule dogo alikuwa na mechi 12 tu za ligi. Mtu mzima wa kumwambia piga taimu auti alikuwa nani?

Naomba kuwasilisha.

Mnazi wa Magomeni:

Mkuu mi mtu wa soka ila nimesoma mpaka mwisho. Swali la kizembe, huyo kwotabeki anafanya nini hasa mpaka atafutiwe mwalimu wake peke yake? Kwetu striker akifeli tunauza.

Yadi Kumi:

Sio la kizembe mkuu. Kwa kifupi kila plei inaanzia mkononi kwake. Ana sekunde 40 toka plei iliyopita iishe. Kocha anamwambia plei kwa redio iliyo ndani ya helmeti, na jina la plei linaweza kuwa sentensi nzima ndefu, halafu saa ikifika sekunde 15 ile redio inakatwa na ligi yenyewe. Kuanzia hapo yupo peke yake. Anawaambia wenzake 10, wanapanga mstari, anasoma difensi imekaaje, kama imekaa vibaya kwake anabadilisha plei hapohapo kwa kupiga kelele, mpira unakuja, ana kama sekunde mbili na nusu au tatu za kuangalia risiva (mpokeaji) wa kwanza, wa pili, wa tatu, huku wanaume wa kilo 130 wanamjia. Chuo alikuwa anafanya kirahisi zaidi, timu nyingi za chuo zilikuwa zinaangalia karatasi zenye picha pembeni ya uwanja, plei neno moja, basi.

Ndo maana ukimbadilishia kocha unambadilishia lugha nzima. Fikiria mtoto wa shule kila muhula anabadilishiwa mwalimu na kitabu na mtihani ni uleule, halafu unasema mtoto hana akili.

Mnazi wa Magomeni:

Nimekupata. Nakaa hapa pembeni na kahawa yangu.

Dada wa Minneapolis:

Nipo Minnesota huku na baridi yetu, Vikings damu. Kaka Yadi umeongea ila umemsahau mtu wa muhimu kwenye mada yako, kocha wetu Kevin O'Connell. Huyu ndo alisema timu ndo zinawafelisha makwotabeki kabla makwotabeki hawajazifelisha timu, na hakuishia kusema. Sam Darnold huyu, Jets walimchukua nafasi ya 3 mwaka 2018, wakampa Todd Bowles msimu mmoja, wakamletea Adam Gase, eti mtaalamu wa makwotabeki. 2019 mechi na Patriots maikrofoni zikamnasa kwenye benchi anasema anaona mizimu, dunia nzima ikamcheka. Jets wakamtupa Carolina, Carolina kukazingua, akaenda San Francisco kukaa benchi mwaka mzima. Kaja kwetu 2024, O'Connell akampa mechi 17, kashinda 14. Akaondoka Seattle, msimu wa kwanza tu kabeba Super Bowl, fainali ya ligi nzima.

Kwa hiyo kipaji kilikuwepo miaka yote hiyo. Aliyekuwa hayupo ni mtu wa kumtuliza. Sisi wenyewe tulimwachia aondoke ila hayo tusiyaongee leo, roho inauma.

Eldy Msee:

Sasa nyinyi mnasema kocha wa difensi ni makosa, mimi nakataa kabisa. Jayden Daniels 2024, kocha mkuu wake Dan Quinn, jamaa wa difensi maisha yake yote. Washington wakashinda 12, wakafika mpaka fainali ya NFC, hatua moja kabla ya Super Bowl, dogo akachukua tuzo ya ruki (mchezaji wa mwaka wa kwanza) bora wa ofensi. C.J. Stroud 2023 Houston, kocha DeMeco Ryans, huyo alikuwa linebeka, mchezaji wa difensi, mwenyewe! Naye akachukua ruki bora. Josh Allen pia, Buffalo alikulia chini ya Sean McDermott, difensi tena. Lamar Jackson akakuwa MVP, mchezaji bora wa ligi, 2019 na John Harbaugh, ambaye ametokea spesho timu, kile kikosi cha mipira ya kiki, hata ofensi hajawahi kuongoza. Wewe ukiajiri unataka kiongozi wa watu. Huyo wa kuchora plei utamwajiri chini yake.

Yadi Kumi:

Eldy karibu sana, hapo umegusa penyewe maana ndo tundu la hoja yangu na nilikuwa nasubiri mtu alilete.

Sisemi difensi ni makosa. Nasema ukichukua kocha mkuu wa difensi basi mwalimu halisi wa dogo ni kodineta, na kodineta akifanya vizuri anaibiwa, akifanya vibaya anafukuzwa, njia zote mbili dogo anaanza moja. Angalia Stroud huyohuyo. 2023 kodineta wake Bobby Slowik kila mtu anamwita kwenye usaili wa ukocha mkuu. 2024 ofensi ikashuka, laini, ile safu ya mbele inayomlinda kwotabeki, inavuja, Januari 2025 Slowik katumbuliwa. Msimu wa tatu Stroud anajifunza mfumo mpya. Na wa zamani kabisa kwenye hili ni Alex Smith, San Francisco 49ers nafasi ya kwanza 2005, ikafika mahali kila mwaka ana kodineta mpya, 2005 Mike McCarthy, 2006 Norv Turner, 2007 Jim Hostler, 2008 Mike Martz. Watu wakasema bomu. 2011 akaja Jim Harbaugh, yeye mwenyewe alikuwa kwotabeki, timu ikashinda 13 ikafungwa 3. Mguu uleule mkono uleule.

Buffalo wao walikuwa na bahati ambayo haijirudii kirahisi, kodineta Brian Daboll alikaa na Josh Allen misimu minne mizima kabla hajaibiwa 2022. Kama angeibiwa baada ya mmoja sijui leo tungekuwa tunaongea habari gani.

Lamar nakupa. Harbaugh pale alifanya lile swali langu la pili kabisa kabisa, walitupa ofensi ya zamani wakajenga mpya inayomfaa dogo. Timu ngapi zina huo moyo?

Mzee wa Laini:

Naona mnawapa makocha sifa za bure. Mtasema Bears 2025 kaja kocha mkuu mpya Ben Johnson kutoka Detroit, Caleb kabadilika, timu imeshinda 11, imechukua divisheni, imewatoa Packers kwenye pleyofu (mtoano) 31-27 toka nyuma. Sawa. Mbona hamsemi kabla ya msimu walinunua safu nzima ya katikati ya laini, Joe Thuney, Jonah Jackson, Drew Dalman? 2024 dogo aliangushwa mara 68. Sitini na nane! Rekodi ya ligi ni 76, ya David Carr 2002 pale Houston, na Carr hakuwahi kupona, maisha yake yote aliona watu hata wasipokuwepo. 2025 idadi ya Caleb ikashuka zaidi ya nusu. Mpe mwalimu yeyote kwotabeki ambaye halambi nyasi uone kama hafundishiki.

Ofensi inaanzia kwa wale wanene watano. Makocha wa kwotabeki ni mapambo.

Dada wa Minneapolis:

Mzee mapambo tena 😂

Msaidizi wa Flegi:

Mzee wa Laini nakuheshimu ila hapo kidogo. Mi nafundisha watoto flegi futiboli wikiendi, hii isiyo na kugongana ambayo itakuwepo Olimpiki ya Los Angeles 2028, kwa hiyo miguu ndo kazi yangu. Angalia tena zile 68. Sio zote ni za laini. Nyingi dogo kashika mpira muda mrefu anatafuta kitu kikubwa kama alivyozoea chuo, akiona risiva wa kwanza kafungwa anaanza kukimbia kuelekea nyuma badala ya kusogea mbele hatua moja ndani ya kikapu, ile nafasi inayolindwa na laini.

Mwalimu mzuri hamwambii "tupa haraka". Anaunganisha macho na miguu. Kwa mfano plei ya hatua tano, mguu wa nyuma ukigusa chini hatua ya tano, mpira unatakiwa uondoke kwa risiva wa kwanza. Kama hakuondoka, unapiga karuka kamoja kadogo mbele, macho yashahamia kwa wa pili. Karuka kengine, wa tatu. Hakuna wa tatu, mpira kwa mkimbiaji pembeni au tupa nje. Miguu ndo saa. Bill Walsh alikuwa anafundisha hivi 49ers toka 1979 alipomchukua Joe Montana raundi ya tatu, na hakuna kitu kipya kimezidi hapo. Kinda asiyefundishwa hivi utamwona, miguu imesimama imeganda, kichwa kinazunguka, mkono unarusha peke yake, mpira unaenda juu ya risiva.

Josh Allen mwaka wa kwanza pasi zilizofika zilikuwa asilimia 52.8. Mwaka wa tatu 69.2. Laini ilisaidia, risiva Stefon Diggs aliyeletwa 2020 alisaidia sana tu, ila kiuno na miguu alienda kuvifanyia kazi msimu ukiwa umefungwa na mwalimu binafsi, Jordan Palmer. Na hapa kuna kitu watu hawakijui, toka mkataba wa wachezaji wa 2011 muda wa mazoezi umekatwa sana, mazoezi ya kuvaa pedi ndani ya msimu ni 14 tu. Kocha wa timu hana siku za kumfundisha dogo miguu hata akitaka. Kwa hiyo kocha unayemwajiri lazima awe mtu anayeelewana na huyo mwalimu wa nje. Kuna makocha wanaona wivu, wanasema huyo wa nje anaharibu, dogo anabaki katikati kila mtu anamwambia lake.

Yadi Kumi:

Msaidizi umemaliza kila kitu. Hiyo ya mwalimu wa nje hata mi sikuiweka kwenye hesabu zangu.

Mzee wa Laini laini ni kweli, ila Ben Johnson sio kwamba alikuja akakuta mteremko. Alisema hadharani anataka dogo afikishe pasi asilimia 70, msimu mzima hakufika hata 60. Hakumshusha thamani, hakumfungia plei fupi, aliendelea kumdai hadharani na mazoezini, robo ya nne dogo anawamaliza watu. Hapo ndo naona mwalimu, anakubali namba ziwe mbaya mwaka huu kwa sababu anajua mwakani yupo.

Na jingine ambalo wamiliki hawaulizi: ofensi iliyokufanya uitwe kwenye usaili, nani alikuwa anaita plei? Ben Johnson Detroit alikuwa anaita mwenyewe, kocha mkuu Dan Campbell kamwachia. Lakini Tennessee walimchukua Brian Callahan kutoka Cincinnati kwa sababu alikuwa kodineta wa kwotabeki Joe Burrow, wakati plei pale anaita Zac Taylor, kocha mkuu. Wakampa Cam Ward, chaguo la kwanza la drafti 2025. Mechi 6, kashinda 1, katumbuliwa Oktoba. Ruki hajamaliza hata nusu msimu.

Dada wa Minneapolis:

Kaka hiyo sheria yako ya nani anaita plei inakufa mkononi, pole. O'Connell alikuwa kodineta wa Rams 2021 wakabeba Super Bowl, plei anaita kocha mkuu Sean McVay. Tena hata kwetu dawa yake haitibu kila mtu. J.J. McCarthy kachukuliwa nafasi ya 10 mwaka 2024, goti likapasuka kabla msimu haujaanza, 2025 kaingia na mambo yakawa magumu, majeraha, pasi zinaenda kwa difensi. Kocha yuleyule aliyemfufua Darnold.

Mi naona tofauti ni kwamba Darnold alifika kwetu keshateswa, keshakaa benchi San Francisco akaona ofensi inavyotakiwa kwenda. McCarthy hakupata kukaa na kuangalia akiwa mzima. Mahomes mwaka 2017 alikaa nyuma ya Alex Smith, akaanza mechi moja tu ya mwisho, mwaka uliofuata pasi za tachidauni (mabao) 50. Jordan Love alikaa misimu mitatu Green Bay. Kwa hiyo pamoja na kocha, uliza pia kuna mkongwe gani chumbani na kama mmiliki atavumilia dogo akae.

Eldy Msee:

Mmiliki kuvumilia? 😂 Amelipa drafti nafasi ya kwanza, tiketi zimeuzwa, mashabiki wanataka kuona kijana. Wiki ya kwanza anaanza. Carolina na Bryce Young si mliona, kocha wake Frank Reich, mtu aliyecheza kwotabeki miaka mingi, mpole, mwalimu, alipewa mechi 11. Kumi na moja! Mmiliki hakungoja hata Krismasi 2023.

Yadi Kumi:

Dada umenibana ila sitoki, nitarekebisha hivi: kama hakuwa anaita plei basi aniambie yeye mwenyewe alimfundisha nani nini. Mi ningekuwa mmiliki usaili wangu ungekuwa televisheni na rimoti. Lete video ya kwotabeki uliyemfundisha, mechi ya kwanza ya msimu na mechi ya 14, plei ya aina ileile, nioneshe miguu yake ilibadilika wapi na ulimwambia nini katikati. Halafu nitajie plei unazozipenda ambazo uko tayari kuzichana kwa sababu dogo wangu haziwezi. Akianza kunielezea falsafa, chai ipo pale, asante kwa kuja.

Mzee wa Laini:

Na umuulize kocha wa laini anamleta nani.

Yadi Kumi:

Na umuulize kocha wa laini anamleta nani, haya Mzee, umeshinda hiyo.

Mnazi wa Magomeni:

Sasa huyo Cam Ward ameangukia kwa nani? Mmenitia huruma.

Yadi Kumi:

Wamemchukua Robert Saleh, difensi, na kodineta ni Daboll huyohuyo wa Josh Allen. Kwa mwalimu dogo kapata. Hofu yangu ni ileile, Cam Ward akiwaka, simu ya Daboll itaanza kulia Januari. Kwa hiyo mi namwangalia zaidi yule atakayekaa chini ya Daboll kama kocha wa makwotabeki, ndo huyo atakayebaki na dogo chumbani. Kama Tennessee wana akili wanamwandaa kuanzia sasa, anakaa kwenye kila kikao, lugha ya plei inabaki ileile hata jina la mlangoni likibadilika.

Eldy Msee:

Saleh alikuwa Jets na Zach Wilson, nafasi ya 2, 2021. Nasema tu.

Yadi Kumi:

We Eldy we.